Goti la Raundi ya Nne

Mdogo wangu alikuwa ameshinda kila pambano alilopewa, na bado kocha alikataa kumpeleka Mwanza. Sababu yake ilikuwa moja tu, na kila nilipoieleza nyumbani watu walicheka wakidhani natania: kijana hajui kupiga goti.

Hata mimi niliyesomea michezo chuoni nilichukua muda kuielewa sababu hiyo. Katika ngumi za kulipwa, bondia aliyepata konde likamlegeza miguu anaruhusiwa kushuka goti moja chini. Refa anaanza kuhesabu, na mpinzani haruhusiwi kumgusa. Anavuta pumzi, anaacha kichwa kitulie, na kabla ya kumi anasimama na kuendelea. Atapoteza pointi, basi. Asiyeshuka anabaki wima, mikono imeanguka, anapokea ngumi ambazo hata hazioni zikija. Pambano la raundi nne linaweza kumalizwa kwa kiburi. Mwanza walimtaka kwa raundi nane, na mtu waliyemwandalia alikuwa ameiva.

"Raundi nane bila goti ni kumpeleka mtoto wa watu akaharibike kichwa," kocha aliniambia. "Akijifunza, tunakwenda. Asipojifunza, abaki hapa apige vijana wa Sirari mpaka azeeke."

Huyu ninayemwita mdogo wangu ni mtoto wa baba yangu mdogo. Anaishi Matongo na baba yake, na siku za kazi anashinda kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, akibeba viroba kutoka kwenye pikipiki na kuvimwaga. Mabega yake yametengenezwa na kazi hiyo. Kocha ni askari mstaafu aliyewahi kupigania timu ya jeshi, mtu mwenye kitambi na maneno mengi, na mazoezi yao hufanyika kwenye banda ambalo zamani lilikuwa na karasha nyingine. Sakafu ina alama za mafuta. Gunia la kupigia wamelijaza nguo kuukuu na mchanga, na upande wa chini ni mgumu kama ukuta kwa sababu mchanga umeshuka.

Mimi nilikuwa, na bado niko, mwalimu wa kujitolea katika sekondari moja upande wa Kenyamonta. Ijumaa jioni nilikuwa navuka daraja la Mto Mara kwa bodaboda kwenda Matongo, na Jumapili narudi. Walinifanya meneja kwa sababu nilijua kuwaandikia mapromota, na nadhani pia kwa sababu niliogopa kila kitu. Kocha alisema kila bondia anahitaji mtu mmoja mwoga karibu yake. Kazi hiyo niliifanya kwa bidii. Nilikaa juu ya jambo dogo mpaka likawa kubwa. Akikohoa, nilifikiria mapafu. Akichelewa kupokea simu, nilikuwa nimeshamzika.

Lakini katika kumpandisha taratibu tulielewana, mimi na kocha. Hatukumtafutia watu wa kuwapiga ili rekodi ipendeze. Tulimtafutia watu wa kumfundisha. Mmoja alikuwa anakimbia ulingo mzima, ili ajifunze kumfungia mtu njia. Mwingine alikuwa mrefu. Mwingine alikuwa mchafu, anasukuma kwa kichwa na kukanyaga miguu, ili ajifunze kutokasirika. Kila mmoja alimwachia kitu. Wakubwa wa mjini walitucheka wakasema tunamlea bondia kama kifaranga. Nilikosa usingizi kwa maneno hayo pia, nikijiuliza kama namlinda au namchelewesha, maana mtu mwoga akipewa madaraka anaweza kuiita hofu yake busara na asijue.

Goti ndilo lililotushinda. Siku ya kwanza kocha alisimama katikati ya banda, akamwambia kijana mmoja amguse shavu kidogo, kisha akasema, "Haya, shuka."

Mdogo wangu akabaki amesimama.

"Goti. La kulia. Hivi." Kocha akashuka yeye mwenyewe, kitambi kikakalia paja. Vijana wakaangua kicheko.

"Mimi nimpigie nani goti?"

"Refa."

"Refa ni Mungu?"

"Kanisani si unapiga?"

"Kanisani sijapigwa ngumi."

Kocha alijaribu njia ya upole, akajaribu matusi, akajaribu kumnyima glavu. Mdogo wangu alimsikiliza kwa heshima zote, na kila mara alijibu kwa neno lile lile. "Kocha, mimi nilisimama. Watu wote wanajua nilisimama."

Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa alisimama wapi. Alisimama alfajiri, uwanjani, katika msimu wao wa tohara, mbele ya kijiji kizima, na wakati kisu kinafanya kazi yake macho ya kila mtu yalikuwa usoni mwake kuona kama ukope utacheza. Haukucheza. Baba yake anaisimulia siku hiyo mpaka leo, na akiisimulia hanyanyui sauti. Kijana aliyetetereka pale hubeba jambo hilo maisha yake yote. Aliyesimama naye hulibeba maisha yake yote, ila yeye hulibeba kwa fahari, kama mtu anayeswaga ng'ombe wa mahari.

Nilipojaribu kuongea mimi, mambo yaliharibika zaidi.

"Hii ni sheria ya mchezo tu," nikasema. "Haina uhusiano na uanaume."

"Kaka, nakuheshimu," akasema. "Lakini hili hulijui. Wewe ulikatwa umelala."

"Na ganzi juu!" akadakia kijana mwingine aliyekuwa anapiga gunia.

"Alikuwa anaota ndoto."

"Aliamka akaomba chai na mandazi!"

Nilicheka nao, kwa sababu ilikuwa kweli. Baba yangu alikuwa mtumishi wa serikali Morogoro, huko ndiko nilikokulia, na nilitahiriwa hospitalini nikiwa mdogo. Baadaye nilinunuliwa soda. Sijawahi kusimama popote. Na nilipokuwa narudi Kenyamonta jioni ile, nimekaa nyuma ya bodaboda, vumbi machoni, nilijiuliza nina haki gani ya kumwambia mtu ashushe kitu ambacho mimi sijawahi kukibeba.

Kocha hakuwa na maswali ya namna hiyo. Alisema banda haliwezi kumfundisha goti kwa sababu bandani hapigwi sawasawa. "Tumtafutie mtu anayegonga lakini hamalizi. Alegezwe miguu kweli, mbele yetu, kwenye raundi sita, na sisi tukiwa kwenye kona. Mwili wenyewe utamwambia ashuke. Afadhali aambiwe Tarime kuliko Mwanza."

Kumtafuta mtu huyo ilikuwa kazi yangu.

Shangazi yangu ameolewa ng'ambo ya mpaka, na shemeji yake anafahamiana na watu wa ngumi wa huko. Nilipewa namba, nikapiga.

"Niko na mmoja," yule bwana akasema. "Mzee kidogo, lakini ako na mkono wa kushoto, hiyo ikikupata unaona watu wawili wawili. Shida yake ni pumzi. Akikushtua hawezi kumaliza kazi, anachoka."

"Amewahi kumuumiza mtu? Yaani vibaya?"

"Boss, hii ni ndondi. Si kwaya."

Alinitumia video. Nilizitazama kwenye benchi la nje ya ofisi ya walimu, mapumziko baada ya mapumziko. Kila mkono ule wa kushoto ulipompata mtu, nilisimamisha picha na kutazama macho ya aliyepigwa. Nilitaka kuona amebakiwa na kiasi gani. Huyu amezidi. Huyu hakutosha. Huyu, huyu ndiye. Nilikuwa namchagulia ndugu yangu maumivu kama mtu anayechagua viatu, visibane sana, visipwaye. Mwalimu mwenzangu alipita akauliza naangalia mpira gani, nikaigeuza simu chini.

Mdogo wangu hatukumficha. Kocha alimwambia wazi mbele ya wenzake kwa nini tumemleta mtu huyo.

"Mnanitafutia mtu wa kunipigisha goti?" Akacheka sana. "Mwambieni aje na ndugu zake."

Lakini wiki moja baadaye alinifuata nikiwa nafua soksi nyuma ya nyumba. Akachuchumaa karibu na beseni.

"Kaka, huyo mtu anagonga kweli?"

"Anagonga."

Akachukua soksi moja, akaikamua. Kisha akasema amekubaliana na kocha. Miguu ikilegea, kocha atapiga mbao za ulingo kwa kiganja, mara mbili, na yeye atashuka. Watu watadhani ameteleza, au ameamua mwenyewe.

"Lakini habari ya kiganja mtu asijue," akasema. "Kocha ajue, mimi nijue, na wewe. Baba anakuja."

"Baba mdogo anakuja Tarime?"

"Anakuja. Na wenzake." Akanitazama. "Kwa hiyo wewe, kaka, mdomo wako."

"Nitanyamaza."

"Niahidi. Nakujua."

Nikamwahidi, mikono yangu ina povu.

Pambano lilikuwa Jumapili alasiri, baada ya ibada, katika ukumbi mmoja mjini Tarime ambao kwa kawaida ni wa harusi. Bado kulikuwa na vitambaa vya rangi vimening'inia kwenye dari. Vijana wa Matongo walikuja kwa msafara wa pikipiki, honi juu. Baba mdogo alikaa mstari wa mbele na wazee wawili wa rika lake, wamevaa makoti licha ya joto, fimbo kati ya magoti. Nilikwenda kuwasalimu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Anaendeleaje?"

"Yuko vizuri."

"Huyo mwenzake mbona ana mvi?"

"Ana mkono, baba."

Mmoja wa wale wazee akasema kwa Kikurya kitu ambacho sikukipata vizuri, wakacheka wote watatu. Nikarudi kwenye kona kushika ndoo.

Raundi tatu za kwanza mdogo wangu alizicheza kama tulivyomfundisha. Alimzunguka yule mzee upande wa mbali na mkono wa kushoto, akagusa na kutoka, akagusa na kutoka. Vijana wa Matongo walikuwa wanaimba. Mimi nilikuwa nimeanza kuombea jambo la aibu, kwamba asiguswe kabisa, ashinde hivi hivi, turudi nyumbani na somo letu halijafundishwa.

Katika raundi ya nne alizunguka upande usio wake, hatua moja tu. Ule mkono ukampata juu ya sikio.

Hakuanguka. Miguu yake ilifanya kitu nilichokiona kwenye video nyingi mno, kama ya ndama aliyezaliwa sasa hivi, na akarudi nyuma mpaka kwenye kamba za upande wetu. Mikono ilikuwa imeanguka mpaka kiunoni. Akasimama pale. Uso wake ulikuwa mtulivu kabisa, na nilielewa wakati ule ule kwamba ndio uso alioupeleka uwanjani alfajiri ile.

Nikatazama mkono wa kocha. Ulikuwa umelala juu ya mbao. Ngumi nyingine ikaingia, kichwa kikageuka. Mkono wa kocha haukupanda. Ngumi nyingine. Nikautazama tena ule mkono. Ulikuwa pale pale.

Nikapiga kelele.

"Piga goti! Goti! Piga goti!"

Mtu anapokaribia kuanguka, ukumbi hunyamaza ghafla, kila mtu ameshika pumzi. Sauti yangu iliingia ndani ya ukimya huo. Ni sauti nyembamba, ya mtu aliyezoea kushindana na darasa lililojaa, na hakuna aliyekaa pale ambaye hakuisikia.

Mdogo wangu aligeuza kichwa. Yule mtu alikuwa mbele yake anavuta mkono kupiga tena, na yeye aligeuza kichwa kunitafuta mimi. Akaniona. Kisha akashuka goti la kulia, kama kocha alivyoonyesha bandani.

Kicheko hakikuja mara moja. Refa alikuwa ameshafika tatu, nne. Halafu mama mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Ehe! Mwalimu kampigisha magoti!"

"Amechelewa shule huyo!"

"Hajafanya kazi ya nyumbani!"

Ukumbi mzima ukacheka, wa Tarime na wa ng'ambo na wa Matongo pia. Sikugeuka kuutazama mstari wa mbele.

Aliposikia nane akasimama. Akamkumbatia yule mzee, akamng'ang'ania, akafanya kila kitu tulichomfundisha kwa miezi, mpaka kengele. Raundi ya tano mzee pumzi ilikwisha, kama tulivyoambiwa. Ya sita ilikuwa ya mdogo wangu peke yake. Walipotangaza, alikuwa ameshinda kwa pointi chache, refa akaunyanyua mkono wake juu.

Hakuna aliyepanda ulingoni. Siku zote vijana wa Matongo walikuwa wanambeba mabegani mpaka nje. Daktari wa pambano alimmulika macho, akamuuliza leo ni siku gani, akamwambia apumzike kwa majuma kadhaa. Yule mzee wa ng'ambo alikuja akamshika mkono. "Ulifanya poa kushuka," akamwambia. "Mimi sikujua hiyo nikiwa na umri wako." Huyo ndiye mtu pekee aliyempongeza.

Njiani nilimuuliza kocha. Nilikuwa nimelipanga swali hilo kichwani tangu Tarime mpaka tulipokata kona ya kuingia Nyamongo, karibu na nyumbani.

"Mkono wako haukupanda."

"Nilikuwa namwangalia macho. Alikuwa anatafuta pa kushuka. Nadhani."

"Unadhani?"

"Mwalimu, sijui." Alikuwa amechoka. "Labda alikuwa anashuka mwenyewe. Labda alikuwa anakufa amesimama. Kama usingepiga kelele ningejua. Sasa hatujui, wewe wala mimi. Usiniulize tena."

Sikumuuliza tena. Nimejiuliza mwenyewe. Kama ningesubiri ngumi moja zaidi, labda kiganja kingepiga mbao na yeye angeshuka kimya, wangesema ameteleza. Au labda ngumi hiyo moja ingekuwa ile ambayo mtu akiipata harudi. Nikilala upande wa kwanza nina hatia ya kumvunjia heshima. Nikigeukia upande wa pili nimemwokoa, lakini hata huko siwezi kutulia, kwa sababu aliyekuwa anampiga ni mtu niliyemchagua mimi kwenye benchi, wakati wa mapumziko.

Baba mdogo alisubiri siku zipite. Aliniita Ijumaa iliyofuata, nilipofika kutoka Kenyamonta. Alikuwa anafunga ndama.

"Mwanangu alisimama mwenyewe," akasema. "Siku ile nilikuwepo. Hakuna aliyemshika."

"Najua, baba."

"Sasa Jumapili ulimwambia nini?"

"Nilimwambia apumzike. Ngumi zina sheria yake, mtu akipigwa..."

"Kocha amenieleza sheria. Sheria sina ugomvi nayo." Akakaza kamba. "Kwa sauti ile?"

Nikainama kumshikia ndama.

"Ungemwambia mkiwa wawili, wewe na yeye," akasema, akaniachia yule ndama nimpeleke.

Mchezo ukaingia mitaani. Mdogo wangu alipopita kijiweni, waendesha bodaboda waliinamisha goti moja, wakaegemea pikipiki zao, wakahesabu kwa sauti mpaka nane. Kwenye karasha, akitua kiroba, mtu alimwambia, "Omba ruhusa kwanza kwa mwalimu." Alikuwa na uwezo wa kumlaza yeyote kati yao. Hakumgusa hata mmoja. Kocha alifurahia hilo, akasema ndiyo utulivu wa bondia, tumemkomaza. Mimi nilipoutazama uso wake nikauona ni ule ule wa kwenye kamba, mtulivu kabisa, na nikajua kwamba sasa anasimama kila siku, kijiweni, kazini, nyumbani, na nikafikiri kwamba huku hakuna refa.

Lililoniumiza zaidi ni kwamba kwa hesabu za ngumi tulikuwa tumefaulu. Alilegezwa, akashuka, akasimama, akashinda. Kama ningekuwa naandika insha ya chuo kuhusu namna ya kumpandisha bondia kijana, ningelitumia pambano lile kama mfano. Kocha aliwapigia watu wa Mwanza akawaambia kijana yuko tayari.

Mdogo wangu mwenyewe ndiye aliyekuja kuniambia. Nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti cha banda wakati wenzake wanaruka kamba.

"Kaka, Mwanza utabaki."

"Sawa."

"Kocha atapata mtu wa kushika ndoo."

"Sawa, mura," nikasema, kwa neno ambalo vijana wa Kikurya huitana. " Hakuna neno."

"Si kwamba nimekasirika."

"Najua."

Akaangalia chini, akasugua sakafu kwa kidole cha mguu. "Nimekasirika," akasema. "Lakini ingekuwa hasira tu, ungekuja. Ukiwepo nitakuwa nakusikiliza wewe. Sitamwona mpinzani."

Akarudi kwenye kamba. Nilitaka kumfuata nimwombe msamaha, na nilikuwa nimeshamwomba mara nyingi mno, mpaka msamaha wangu ukawa mzigo mwingine wa kubebwa na yeye. Kila nilipoomba alilazimika kunituliza.

Siku walipokwenda Mwanza nilikuwa Kenyamonta nasimamia mtihani wa majaribio. Jioni nilizima simu mapema kwa sababu nilijua ingeniua. Nilimwombea. Niliomba kwa muda mrefu, na kwa kuwa mimi siwezi kuomba bila kuona, niliona pambano zima. Katika raundi ya sita anapata ngumi nzito. Miguu inalegea. Hakuna anayepiga kelele. Anashuka mwenyewe, taratibu, anahesabiwa, anasimama, anashinda, na Mwanza nzima inampigia makofi. Nilirudia picha hiyo mpaka nikasinzia nikiwa na amani.

Kocha alipiga asubuhi, nikiwa nimetoka darasani na chaki mkononi.

"Mwalimu, tumeshinda! Raundi ya tatu. Yule bwana amegoma kutoka kwenye kiti."

"Wetu ameumia?"

"Hajaguswa. Ana uso kama wa mtu aliyekwenda harusini."

"Asante Mungu," nikasema, na nilimaanisha. Kisha nikajisikia nauliza, "Kwa hiyo hakupiga goti?"

"Goti la nini? Nakwambia hajaguswa."

"Hapana, nauliza tu."

Nikaegemea ukuta wa darasa. Ndani wanafunzi walikuwa wanasogeza madawati. Mdogo wangu ameshinda pambano kubwa kuliko yote ya maisha yake, ametoka mzima, na ndani yangu kulikuwa na kitu kimeshuka, kama mtu aliyenyimwa alichoahidiwa. Nikairudia ile sala ya jana. Nilidhani namwombea usalama. Lakini ili ashuke ilibidi kwanza apigwe, na kila mara nilipoiona ile picha, ngumi niliiweka mimi. Nilitaka apigwe Mwanza ili goti la Tarime liwe na maana. Nilitaka apigwe kidogo, kwa kiasi kinachofaa, kwa ajili yangu.

"Upo?" kocha akauliza.

"Nipo."

"Wanamtaka arudi. Raundi kumi. Nimewaambia meneja ndiye anasema. Twende, au bado?"

Jibu la kitaalamu lilikuwa bado. Ameshinda bila kujaribiwa, na kumi ni nyingi. Mtu yeyote mwenye akili angesema bado. Ila nililitazama hilo neno na sikuweza kujua limetoka wapi, kama limetoka kwenye kile ninachokijua kuhusu ngumi, au kwenye kile nilichokigundua dakika ile ile kuhusu mimi.

"Yuko hapa, ongea naye," kocha akasema kabla sijajibu.

"Kaka."

"Hongera sana, mura. Hongera."

"Umesikia? Kumi."

"Nimesikia."

"Unasemaje?"

Nyuma yake kulikuwa na kelele za stendi, wapiga debe wanaita Musoma, Tarime, Sirari. Alikuwa anasubiri. Tangu pambano la Tarime hakuwa ameniuliza kitu chochote.

"Nipe siku chache," nikasema. "Nataka nifikirie vizuri."

"Wewe na kufikiria." Hakucheka, lakini hakukata simu. "Haya, fikiria. Ila ukipata jibu niambie mimi, kaka. Usianze kwa kocha, wala kwa baba. Mimi peke yangu."